Frankfort, Kentucky: Hapa Ndipo Alipopigwa Gavana

Wanaotembelea Bunge la zamani la jimbo la Kentucky, mjini Frankfort, huenda kuistaajabia ngazi ya mawe iliyosanifiwa na Gideon Shryock, inayopinda kwenda juu bila nguzo ya kuishikilia. Jengo lilikamilika 1830. Kisa kizito zaidi kimo nje, kwenye njia ya kuingilia, alipopigwa risasi William Goebel Januari 30, 1900.

Reli inapita barabarani mbele ya jengo, nayo ina sehemu yake katika kisa hicho. Kampuni ya Louisville and Nashville ilikuwa na nguvu kubwa katika siasa za jimbo. Goebel, seneta wa Democrat kutoka Covington, alitaka ibanwe. Naye hakuwa malaika. Mwaka 1895 alimuua kwa bastola hasimu wake, John Sanford, wala hakufungwa. Mwaka 1898 akapitisha sheria iliyoitia hesabu ya kura mikononi mwa tume ya watu watatu, walioteuliwa na bunge lililoshikwa na chama chake. Baadhi ya Wademocrat wenzake walichukizwa hata wakamsimamisha gavana wa zamani, John Y. Brown, ashindane naye katika uchaguzi wa ugavana.

Kura zilipigwa Novemba 7, 1899. William S. Taylor wa Republican alipata 193,714, Goebel 191,331. Wajumbe wote wa tume walikuwa Wademocrat, lakini wawili kati ya watatu walimpa Taylor ushindi. Nawaheshimu kwa hilo. Laiti mambo yangeishia hapo! Goebel alikata rufaa bungeni, ikaundwa kamati ya watu 11 kwa bahati nasibu. Ajabu ya bahati hiyo, Mrepublican alipatikana mmoja tu. Treni zikashusha Frankfort watu wenye bunduki kutoka milima ya mashariki. Sheria ile ilikwisha wafunza wote kwamba hesabu ni mali ya mwenye nguvu.

Risasi ilitoka katika jengo jirani la serikali, upande wa ofisi ya katibu wa jimbo. Taylor aliita wanamgambo na kuliamuru bunge lihamie London, mji mdogo wa Kentucky. Wademocrat wakakutana kwa siri, wakamtangaza Goebel mshindi, naye akaapishwa akiwa mahututi. Alifariki Februari 3, na hadi leo ndiye gavana pekee wa jimbo la Marekani aliyeuawa akiwa madarakani. Naibu wake, J.C.W. Beckham, akarithi kiti, Taylor naye hakubanduka. Kentucky ikawa na magavana wawili mpaka Mei 21, 1900, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuingilia. Taylor akakimbilia Indiana.

Katibu wa jimbo, Caleb Powers, alitiwa hatiani mara tatu kuhusiana na mauaji hayo. Yeye na James Howard, aliyehukumiwa kama mfyatuaji, walisamehewa 1908 na gavana wa Republican. Miaka miwili baadaye wapiga kura wakampeleka Powers katika Bunge la Marekani, akakaa huko hadi 1919.