Alsa, Nyani wa Mara na Ile Dawa Inaitwa "Wacha Stresi"

Kenya hii, ukisema tumbo linakuchoma, utapewa majibu mawili kabla hujamaliza sentensi. Shangazi atasema, "Unafikiria sana, wacha stresi." Msee wa kemisti atasema, "Hiyo ni H. pylori, nenda ukapime." Mmoja anakulaumu wewe, mwingine analaumu mdudu. Na wote wawili wanaongea kama watu wenye uhakika wote duniani.

Majibu hayo mawili hayakutoka hewani. Yana historia ya zaidi ya miaka 100, na kuna wakati kila moja lilishinda likatawala hospitali zote. Nyuma yake kuna swali kubwa kuliko tumbo: mtu akigonjeka, tulaumu tabia yake, tulaumu kiini cha ugonjwa, ama tuangalie mahali alipo kwenye ngazi ya maisha?

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokosekana, na hata sikuwa nasomea udaktari. Lakini kusoma hakuitishi kitambulisho cha chuo. Twende polepole.

Paka walioogopa

Mwishoni mwa miaka ya 1890, Walter Cannon alikuwa mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, Marekani. Eksirei zilikuwa zimegunduliwa juzi tu, 1895. Cannon akawalisha paka chakula kilichochanganywa na madini yanayoonekana kwenye eksirei, akakaa kutazama tumbo likisaga. Akaona jambo: paka akiogopa au akikasirika, tumbo linasimama. Akitulia, linaanza tena.

Mwaka wa 1915 Cannon akatoa kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, woga na hasira. Hoja yake ndiyo hii tunayoijua leo: mwili ukiona hatari unajiandaa kupigana au kutoroka. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, damu inatolewa tumboni inapelekwa kwenye misuli.

Hii si kasoro ya mwili, ni urithi. Fikiria babu yetu wa kale savana, simba yuko nyuma yake. Yule ambaye mwili wake uliendelea kusaga chakula taratibu hakuacha wajukuu. Yule ambaye mwili wake ulizima kila kitu kisicho cha haraka, akatupa nguvu zote miguuni, ndiye sisi tumetoka kwake. Nyumba ikiwaka moto hakuna mtu anaendelea kupaka ukuta rangi. Mageuko yalitujenga hivyo.

Panya wa Montreal

Sasa ingia Hans Selye, mzaliwa wa Vienna, akifanya kazi Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada. Alikuwa anadunga panya majimaji ya viungo akitafuta homoni mpya. Akiwapasua, anakuta mambo matatu: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, viungo vya kinga ya mwili vimenywea, na kuna vidonda kwenye tumbo na utumbo.

Angeweza kusherehekea kwamba amepata homoni. Lakini alipowaweka panya wengine kwenye baridi kali, ama kuwachosha kwa mazoezi, ama kuwajeruhi, akakuta mambo yale yale matatu. Mateso ni tofauti, alama ni moja. Mwaka wa 1936 akachapisha barua fupi sana, hata ukurasa mzima haifiki, kwenye jarida la Nature. Huko ndiko elimu ya msongo ilianza rasmi.

Tazama tena hayo mambo matatu: homoni, kinga na tumbo. Yote yako kwenye mfuko mmoja. Baadaye, mwaka wa 1948, madaktari wa Marekani walimpa mgonjwa wa baridi yabisi homoni ya kotisoni, ndugu ya kotisoli ambayo tezi hizo humwaga mtu akiwa na msongo. Viungo vyake vilivyovimba vikatulia kwa siku chache. Kumbe homoni hizi zinaweza kuzima moto wa kinga ya mwili. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Nobel 1950. Ni dawa nzuri ukiihitaji. Lakini mwili ukijimwagia wenyewe kila siku, miaka nenda miaka rudi, askari wako wa ndani wanalala kazini.

Hapo ndipo jibu la shangazi lilishinda. Kwa miaka mingi madaktari waliamini vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa watu wenye wasiwasi, asidi nyingi na pilipili. Ukienda hospitali unaambiwa upumzike, unywe maziwa, upunguze hasira. Dawa za kupunguza asidi zikaja miaka ya 1970 zikatengeneza pesa kama mchezo, kwa sababu ukiacha kuzimeza, mara nyingi kidonda kinarudi.

Daktari aliyekunywa bakteria

Halafu mji wa Perth, Australia, ukaharibu sherehe. Robin Warren, mtaalamu wa kupima vipande vya nyama ya mwili, alikuwa ameona bakteria waliojipinda kwenye matumbo ya wagonjwa. Kila mtu alijua bakteria hawawezi kuishi kwenye asidi ya tumbo. Warren hakukubali. Akaungana na kijana anaitwa Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha maabara wakashindwa, mpaka Pasaka ya 1982 ambapo sahani ziliachwa siku nyingi kuliko kawaida sababu ya likizo. Waliporudi, bakteria wameota. Likizo ilifanya kile ambacho haraka ilikataa.

Watu hawakuamini. Basi 1984 Marshall akakunywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kipimo kikaonyesha utando wa tumbo lake umevimba. Mwaka wa 2005 yeye na Warren wakapewa Nobel.

Maana yake kwa mgonjwa wa kawaida ilikuwa kubwa sana. Ugonjwa ambao watu waliishi nao maisha yote, wakiambiwa ni tabia zao, sasa ungeweza kutibiwa kwa dozi ya antibiotiki ukaisha. Fikiria watu wangapi walikufa wakilaumiwa eti wana wasiwasi mwingi.

Na huyu mdudu si mgeni. Wanasayansi walipolinganisha jeni za H. pylori kutoka pande zote za dunia, waligundua kwamba utofauti wake unapungua kadiri unavyoenda mbali na Afrika Mashariki, vile vile kama jeni za binadamu. Walikadiria alisambaa na watu kutoka huku kwetu kama miaka 58,000 iliyopita. Yaani wazee wetu walipotoka kwenda kujaza dunia, walibeba huyu jamaa tumboni.

Lakini subiri kidogo

Hapa ndipo wengi hufunga kitabu. "Ni bakteria, stresi ni uongo, kesi imeisha." Haijaisha.

Karibu nusu ya watu duniani wako na H. pylori. Wengi wao hawapati kidonda hata siku moja. Na kuna watu wenye vidonda na hawana huyo mdudu kabisa. Wengi wao ni wa dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na daiklofenaki, hizi tunameza mtaani kama njugu. Kwa hivyo mdudu peke yake hatoshi kueleza yote.

London ilipopigwa mabomu na Wajerumani usiku baada ya usiku 1940 hadi 1941, hospitali ziliona vidonda vya tumbo vilivyotoboka vikiongezeka. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995, madaktari waliona vidonda vinavyovuja damu vikiongezeka. Mdudu hakuongezeka usiku mmoja. Kilichobadilika ni maisha ya wale waliombeba. Msongo ukikaa, damu inayoenda tumboni inapungua, ute unaolinda ukuta wa tumbo unapungua, na kinga inayomweka mdudu kwenye kona yake inalegea. Mdudu ni mwizi, lakini kuna mtu aliacha mlango wazi.

Si tumbo tu. Mwaka wa 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima karibu 400 waliojitolea kutiwa virusi vya mafua puani kule Uingereza. Kirusi ni kile kile. Lakini waliokuwa na msongo mwingi zaidi ndio walishikwa zaidi.

Na njia hii ina pande mbili. Kinga nayo hutawala tabia. Ukiwa na malaria hutaki chakula, hutaki watu, unataka blanketi tu. Tulifikiri ni udhaifu. Mwaka wa 1988 Benjamin Hart, mtaalamu wa mifugo, alieleza kwamba huo ni mpango wa mwili: kinga inatuma ujumbe kwa ubongo, ubongo unakulaza ili nguvu ziende kwenye homa na vita ya ndani. Kwa hivyo yule unayemwita mvivu, pengine mwili wake unapigana vita ambavyo huvioni.

Nyani wetu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1978 kijana Mmarekani wa miaka 21, Robert Sapolsky, alifika Maasai Mara kuchunguza nyani. Kwa nini nyani? Kwa sababu chakula wanakipata kwa saa chache tu, na muda unaobaki wanatumia kusumbuana. Wako karibu sana na sisi, tusidanganyane.

Alikuwa anawapiga na sindano ya usingizi, anachukua damu, anapima. Mwaka baada ya mwaka akaona kwamba ngazi ikiwa imetulia, madume wa chini ndio wako na kotisoli nyingi hata wakiwa wamekaa tu. Dume wa chini hana shida na simba leo. Shida yake ni dume wa juu ambaye ameamka vibaya na anatafuta mtu wa kumalizia hasira. Mashine iliyojengwa kukimbia simba kwa dakika tatu, yeye anaiwasha siku nzima.

Katikati ya miaka ya 1980 kukatokea msiba. Karibu na kundi lake kulikuwa na jalala la hoteli ya watalii, na nyama yenye kifua kikuu ikatupwa hapo. Madume wakali wa kundi la Sapolsky walikuwa wanaenda huko kila asubuhi kupigania mabaki. Wote waliokuwa wanaenda wakafa, karibu nusu ya madume wazima wa kundi. Walibaki majike, na madume wapole ambao hawakuwa watu wa vita.

Kundi likabadilika. Kupigana kukapungua, kutafutana chawa kukaongezeka, na madume wa chini hawakuwa tena na zile alama za msongo. Mpaka hapo unaweza kusema ni kawaida, wabaya wamekufa. Lakini nyani dume akibalehe huhama kwao akajiunge na kundi lingine. Kufikia 1993 hakuna dume hata mmoja wa enzi ya ule ugonjwa aliyekuwa amebaki. Wote walikuwa wageni waliotoka kwa makundi ya vita. Na bado kundi lilikuwa pole. Wageni walijifunza kwamba hapa hatufanyi hivyo. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hiyo 2004.

Hiyo ndiyo sehemu inanikosesha usingizi. Mamilioni ya miaka ya mageuko, na mazingira ya miaka michache yalitosha kubadilisha tabia ya nyani na damu yake pia.

Basi nasema nini?

Mtu atasema binadamu si nyani. Sawa. Kuanzia 1967 watafiti walifuatilia zaidi ya wanaume 17,000 wafanyakazi wa serikali London. Wote wako na kazi, wote wako na matibabu ya umma. Bado, waliokuwa vyeo vya chini kabisa walikufa takribani mara tatu zaidi ya wa vyeo vya juu katika miaka 10, na sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya hiyo tofauti. Kila ngazi unayoshuka, mwili unalipa.

Kwa hivyo "wacha stresi" si ushauri, ni matusi yaliyovishwa suti. Mlinzi anayesimama saa 12 usiku, mama mboga anayekimbia kanjo, kijana anayedaiwa keja na hajui mwezi ujao utakuwaje, hawakuchagua stresi kama mtu anavyochagua shati. Kumwambia aiache ni kumwambia dume wa chini asiogope wakati meno ya wa juu yako kwenye shingo yake.

Na upande wa pili, usiniambie niombe na kutulia wakati kuna kipimo na kuna dawa. Tumbo likikusumbua, pimwa na watu waliosomea, ukipewa antibiotiki maliza dozi, na hizo dawa za maumivu za kila jioni mwambie daktari ukweli. Ukitapika damu ama choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho.

Ila kuna dawa ambayo haiko kemisti, na hiyo iko mikononi mwa wale walio juu kidogo ya wengine. Wewe bosi wa watu watatu, wewe landilodi, wewe kaka mkubwa, wewe admin wa chama: kuna mtu ambaye tumbo lake linasimama akiona jina lako kwenye simu. Nyani wa Mara waliweza kuwa kundi ambalo wa chini anapumua. Sisi tuko na lugha, tuko na sheria, tuko na mikutano isiyoisha. Kisingizio chetu ni gani?

Kama unaona tofauti, weka maoni yako hapo chini. Tubishane, lakini kwa heshima.