Mwenzako Akinyolewa

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nami nimeitumia mara nyingi kuwaonya watu juu ya madeni, maradhi na hata ndoa. Siku hizi, hata hivyo, huifikiria zaidi kwa maana yake ya wazi, yaani kichwa, maji na wembe. Kwa nini mwanamume anayefuga nywele huwasumbua watu kiasi hiki? Na anapoulizwa sababu, kwa nini hukimbilia kutaja jina la mtu mashuhuri ambaye hajapata kuonana naye?

Msomaji wangu anajua jinsi mambo yalivyo kwetu. Mtoto wa kiume hunyolewa mapema baada ya kuzaliwa, na tangu hapo kichwa chake ni kama mali ya ukoo. Baba hukipeleka kwa kinyozi, mwalimu hukikagua kwenye paredi, na mwajiri hukitazama kabla ya kutazama vyeti. Kijana anayeamua kufuga nywele anawanyang'anya watu wengi kitu walichokizoea. Ndiyo maana hutafuta mtetezi mkubwa, na mtetezi anayetajwa kuliko wote ni Bob Marley.

Basi na tuanze naye. Alizaliwa Jamaika tarehe 6 Februari 1945, katika kijiji cha Nine Mile. Picha za kundi lake la Wailers za miaka ya katikati ya 1960 zinaonyesha vijana waliovaa suti, nywele zao fupi kama za karani. Hakupanda jukwaani akiwa na misokoto ile tangu siku ya kwanza. Aliingia katika imani ya Rastafari baada ya muziki kuwa tayari kazi yake, na nywele zikafuata imani. Kufikia 1974, alipotoa albamu ya Natty Dread, misokoto ilikuwa imeshakuwa alama yake. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980 alipiga muziki katika uwanja wa Rufaro, katika mji unaoitwa leo Harare, Zimbabwe ilipokuwa ikipokea uhuru wake. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1981, alifariki kwa kansa akiwa na miaka 36. Maradhi na tiba yake vilikuwa vimekwisha kumpotezea nywele zake. Picha zilizobandikwa kwenye vioo vya magari yetu na kuta za vinyozi hazikuonyesha hilo. Katika picha nywele hazikatiki, haziumi, wala hazimkoseshi mtu kazi.

Lakini Marley hakuwa wa kwanza, na hapa ndipo historia inapoanza kutudai. Baada ya Ras Tafari kutawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mnamo Novemba 1930, walitokea Jamaika wahubiri waliomtaja kuwa mkombozi wa watu weusi. Mmoja wao, Leonard Howell, alianzisha mwaka 1940 makazi yaliyoitwa Pinnacle, ambako wafuasi wake walilima na kuishi pamoja. Polisi waliyavamia zaidi ya mara moja, na mwaka 1954 wakayavunja. Kisha, mwezi Aprili 1963, yakatokea mapambano mahali paitwapo Coral Gardens, karibu na Montego Bay, watu wakauawa, wakiwemo polisi. Serikali ilijibu kwa kuwasaka Marasta ovyo, hata wale ambao hawakuhusika kabisa. Walipigwa, wakafungwa, na wengi wakakatwa misokoto yao kwa nguvu. Wakati huo Marley alikuwa kijana wa miaka 18, bado mwenye nywele fupi. Waziri Mkuu wa Jamaika aliomba radhi rasmi mwaka 2017, miaka 54 baadaye.

Nikisoma habari hizo naona kwamba waliolipa gharama ya nywele zile walikuwa wakulima, wavuvi na mafundi ambao majina yao hatuyajui. Walionyolewa kwa nguvu walifuga tena. Wenzao walionyolewa, nao hawakutia maji. Mtu mashuhuri alikuja kuvuna shamba ambalo wengine walilima kwa damu. Silisemi hili kumpunguzia heshima Marley, kwani naye aliibeba imani hiyo kwa dhati. Nasema tu kwamba kijana anayemtazama yeye peke yake anaona mavuno, haoni kilimo.

Wala umaarufu wake haukuwakinga waliobaki. Jamaika ilimpa Marley nishani kubwa ya taifa mwaka 1981, na sura yake imekuwa ikiwavuta watalii kisiwani humo. Hata hivyo, mwaka 2018 mtoto wa miaka 5 aliambiwa hawezi kuingia shule ya msingi mpaka misokoto yake ikatwe. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba haki zake hazikuvunjwa, na ilibidi wazazi wasubiri hadi 2024 Mahakama ya Rufani ilipoutengua uamuzi huo. Nchi moja, nywele za namna moja. Za marehemu zinavikwa nishani, za mtoto zinafungiwa mlango.

Tusidhani pia kwamba nywele hizi zilitufikia Afrika kwa meli kutoka Jamaika. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, wakakaa humo miaka, nywele zao zikirefuka na kujisokota. Dedan Kimathi, ambaye kabla ya vita alipata kuwa mwalimu, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Alipigwa picha akiwa amelazwa chini, mikono imefungwa pingu, misokoto imezunguka uso wake. Picha ile ilikusudiwa kumwonyesha kama mnyama aliyenaswa. Leo sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2007 katikati ya Nairobi, inamwonyesha na misokoto hiyohiyo. Wako wanaoamini kwamba picha za Mau Mau zilipofika Jamaika magazetini ziliwatia moyo Marasta kufuga nywele zao. Wengine hutaja watawa wa Kihindi, kwa kuwa Wahindi walipelekwa Jamaika kufanya kazi tangu 1845. Kwa vyovyote vile, wale wa msituni hawakuwa wakiiga mtu yeyote mashuhuri. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana pamoja nao, alikaa na misokoto yake hadi Aprili 2022, kisha akakubali ikatwe, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kufariki. Yeye alijua kwa nini alifuga, na akaichagua mwenyewe siku ya kukata.

Kuna mfano wa zamani zaidi, nao tunapishana nao barabarani bila kuutafakari. Morani wa Kimasai hufuga nywele, akazisuka na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, akiwa pamoja na rika lake. Zamu yao ya umorani ikikaribia mwisho hufanyika sherehe ya eunoto, na mama mzazi ndiye humnyoa mwanawe. Nimeambiwa na watu walioshuhudia kwamba wako morani wanaolia siku hiyo. Hapo kijana hakutafuta kielelezo mbali. Alimwona kaka yake akifuga, akamwona akinyolewa, na alijua tangu mwanzo ni nani atakayeshika wembe.

Tofauti kati ya wembe wa mama na wembe wa askari ni kubwa. Malawi, chini ya Rais Banda, ilipitisha mwaka 1973 sheria ya mavazi iliyowakataza pia wanaume kufuga nywele ndefu, na hata wageni walikatwa nywele walipowasili. Sheria hiyo ilifutwa miaka ya mwanzo ya 1990, lakini desturi haikufutika pamoja nayo. Ilikuwa Mei 2023 ndipo Mahakama Kuu ya Malawi ilipoamuru watoto wa Kirasta wapokewe katika shule za serikali pamoja na misokoto yao. Tangu 1973 hadi 2023 ni miaka 50. Waliokwenda mahakamani walikuwa familia za kawaida zilizotaka watoto wao wasome.

Jambo hili liliniingia nyumbani kupitia kwa mpwa wangu. Alikuwa akiuza katika duka moja la vifaa vya ujenzi, akafuga nywele, na mwenye duka akampa wiki mbili achague nywele au kazi. Dada yangu akanituma nikazungumze naye. Kijana akaniambia, "Mjomba, mbona Bob Marley alifuga na dunia nzima ikamheshimu?" Nikamjibu kwamba Bob Marley alilipwa na watu waliotaka kumwona vile, na yeye analipwa na mtu asiyetaka. Alinyamaza. Nikamchukua tukaenda kwa seremala mmoja wa mtaani, mtu mzima, ambaye amefuga misokoto zaidi ya miaka ishirini.

Seremala hakuhubiri. Alimwonyesha jinsi anavyofunga nywele kwa kitambaa kabla ya kuwasha mashine, maana mashine haijui imani ya mtu. Alimwambia huzifua lini na huzikausha vipi, kwa sababu nywele zinazonuka huwapa watu haki ya kusema. Alimweleza kwamba msibani huvaa kofia, si kwa aibu, bali kwa kuwa siku ile ni ya mfiwa. Akamtajia wateja aliowapoteza na miaka ambayo mama yake hakutaka kuketi naye. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, kama hujui utamjibu nini mama yako, bado hujaanza kufuga. Umechelewa kunyoa tu."

Mpwa wangu alifikiri siku zote zilizobaki, akaacha kazi. Sasa anajifunza useremala kwa mzee yule, na mapato ni madogo. Dada yangu hajanisamehe. Anasema alinituma nimpeleke kwa kinyozi, nikampeleka kwa fundi.

Je, watu mashuhuri ni kielelezo kizuri kwa wanaume wanaofuga nywele? Jibu langu ni kwamba wao ni watangazaji wazuri, na tangazo nalo lina kazi yake. Bila Marley, kijana wa Tanga au Mombasa huenda asingejua kwamba mwanamume mwenye misokoto anaweza kusimama mbele ya taifa linalopata uhuru na asidharauliwe. Lakini tangazo halikai nawe mwajiri anapokuita ofisini. Mwiga tembo hupasuka msamba, na anayempasua msamba si tembo, ni kule kusahau ukubwa wa miguu yake mwenyewe. Anayetaka kufuga na aitundike picha apendayo, kisha amtafute mtu wa karibu aliyefuga, aliyekosa kitu kwa ajili hiyo, na ambaye bado anasalimiana na majirani zake. Amwulize maswali, na asione haya kuuliza hata la sabuni.

Nasi wazazi na wajomba, kabla ya kuyachota yale maji ya methali, tuangalie kwanza ni nani aliyeshika wembe.