Waliokuja kwa Kazi Nyingine: Imani katika Bandari ya Bujumbura

Ndugu zangu wa Kigoma na Kasulu, wa Uvira, Baraka na Kalemie, wa Rumonge na Nyanza-Lac, na ninyi wa Mpulungu mnaotusoma huku mkicheka Kiswahili chetu, nawasalimu nikiwa Bujumbura, hatua chache kutoka lango la bandari.

Kamati ya jarida hili iliniomba niandike historia ya kazi ya Mungu hapa bandarini. Nilikubali haraka, nikidhani ni kazi ya jioni mbili tu. Nikaomba daftari za zamani za ushirika. Ndani nikakuta majina ya wachungaji waliohubiri, wageni waliotutembelea, tarehe za makongamano, hata hesabu ya bati tulizonunua. Makuli hawamo. Akina mama wa ndagala hawamo. Baharia aliyetuazima taa ya boti yake tukafanya mkesha wa kwanza, ninyi wa zamani mnamkumbuka, ameandikwa "ndugu mmoja". Basi msomaji wangu nakuomba radhi mapema: historia hii ni ya huyo ndugu mmoja na wenzake.

Tuanzie kwenye jiwe. Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, kilomita kama 12 hivi, pale Mugere, kuna mwamba mkubwa uliochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wazee hao wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi kuja kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia. Mvuvi yeyote wa Uvira angewaambia bila kudai hata shanga.) Sasa jiulize, ule mtumbwi ulijiendesha? Kuna watu waliopiga makasia kutoka Ujiji hadi mdomo wa Rusizi na kurudi, na kwenye lile jiwe hutaona hata jina moja lao. Mimi nimesimama pale mara tatu na kila mara nimeondoka na swali hilohilo.

Jambo hilo limejirudia kwenye ziwa letu. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878. Mwaka uliofuata Mapadri Weupe wakaingia Rumonge, na mwaka 1881 watatu wao wakauawa hapohapo. Mwaka 1885 wale wa London wakashusha majini, huko kusini mwa ziwa, stima waliyoiita Good News, yaani Habari Njema. Ndugu wa Mpulungu, mnayajua magofu ya kanisa lao pale Niamkolo. Vipande vya stima ile vilipita nchi kavu kutoka Nyasa hadi Tanganyika vikiwa vimebebwa na watu. Hebu fikiria: Habari Njema, kwa maana kamili ya chuma na misumari, ilibebwa na mpagazi ambaye huenda hakuwa amesikia hata habari moja ya Yesu, na aliyekuwa anawaza ujira wake na usiku atalala wapi. Sisemi alikuwa mwinjilisti. Nasema bila yeye stima isingeelea.

Bandari yenyewe ilikua kwa sababu za kidunia kabisa. Wajerumani waliweka boma Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji, na mwaka 1921 wakatiliana mkataba na Waingereza, wakapewa sehemu yao ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ndizo zile zilizoitwa Belbase. Toka hapo njia ikawa moja: kahawa inatoka milimani, inapakiwa Usumbura, inavuka hadi Kigoma, inapanda reli. Na huku zinarudi chumvi, vitambaa, saruji, chuma. Mizigo ikileta kibarua, kibarua kinaleta watu. Waha wakavuka, Wabembe wakavuka, Wafuliiru na Wamanyema wakaja, wakakaa Buyenzi na Bwiza, na Kiswahili kikawa lugha ya gati kabla hakijawa lugha ya mahubiri. Hakuna aliyekuja kutafuta wokovu. Walikuja kutafuta mshahara.

Injili ya Kipentekoste, kama wengi mnavyojua, haikushukia bandarini. Wamisionari wa Sweden walikuwa wameanza kazi upande wa Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1935 wakafungua kituo Kiremba, kusini mwa Burundi. Kila jarida letu la maadhimisho linaanza hapo, na si vibaya, Kiremba ni mama yetu. Lakini Kiremba ni milimani, bandari iko chini ufukweni. Nani aliyeteremsha moto ule? Kwa jinsi wazee wetu wanavyosimulia, hakukuwa na kampeni wala mahema. Mtu aliokoka Kiremba au upande wa Uvira, njaa au kodi ikamsukuma mjini, akapata kibarua cha kubeba magunia, na Jumapili akajikuta peke yake kati ya watu waliokunywa tangu Jumamosi mchana. Akatafuta mwenzake. Wakiwa wawili wakaimba. Watatu walipokuwa wanaimba, wa nne akasimama kusikiliza.

Hapa nitoke kidogo njiani. Sisi Wapentekoste tuna neno "mtumishi". Tukisema "mtumishi amefika", kila mtu anageuka kumtazama mchungaji na begi lake. Lakini bandarini mtumishi ni yule ambaye jina lake liko kwenye orodha ya mshahara. Mimi nilipovuka kutoka Kigoma mwaka 2008 nilikuwa mtumishi wa aina hiyo ya pili. Sikutumwa na kanisa, sikuwekewa mikono. Nilikuja kuwa karani wa mizigo kwa sababu Kigoma sikupata kazi, na Kirundi hakikunisumbua kwa vile mimi ni Muha, na Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja. Nipo mpaka leo.

Nilichokikuta ni hiki. Asubuhi kabla ya zamu, watu kumi na wawili au kumi na watano walikuwa wanasimama nje ya lango, chini ya mti, na kuomba dakika ishirini. Mkongomani anataja namba ya wimbo kutoka Nyimbo za Wokovu, sisi wa Kigoma tunafungua Tenzi za Rohoni, namba zinagombana, mwishowe mama mmoja anaanzisha tu kwa sauti na kila mtu anafuata kwa lugha yake. Sadaka inaingia kwenye kofia: faranga za Burundi, za Kongo, shilingi, siku moja hata kwacha. Mhazini wetu alikuwa na kazi! Fungu la kumi la kuli lilikuwa dogo hata kuliandika ni aibu, na lilifika kila wiki. Mchana tunakula pamoja samaki yuleyule mwenye majina mawili, mukeke kwa wenyeji na mgebuka kwetu, na ubishi wa jina lipi ni sahihi haujaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yetu. Hakuna kipaza sauti.

Msidhani ilikuwa rahisi siku zote. Katikati ya miaka ya 1980, serikali ya wakati ule iliwafukuza wamisionari wengi wa kigeni na kuzuia ibada siku za kazi, hadi mambo yalipobadilika baada ya Septemba 1987. Wazee wa gatini wanasema waliomba macho wazi, wakipanga magunia, mmoja akitaja ombi na mwingine akiitikia kana kwamba wanahesabu mzigo. Kisha vikaja vikwazo vya nchi jirani, kuanzia tarehe 31 Julai 1996 mpaka Januari 1999. Bandari ikanyamaza. Ukiacha baadhi ya misaada, biashara ya halali ilikauka, na ya magendo ikanenepa usiku. Kaka, dada, fikiria wewe ni kuli, una watoto watano, na mtu anakuja saa nne usiku na mtumbwi wa mafuta anataka mabega manne tu. Kuna waliokataa. Kuna waliokubali, na baadhi yao walikuwa wetu. Daftari halikuandika hao wala hao.

Na ziwa hilohilo lilibeba vilio. Mwaka 1972 wengi walivuka mpaka wakaishia Ulyankulu na Katumba. Mwaka 1996 ndugu wa Kivu ya Kusini wakavuka, wakapelekwa Nyarugusu. Mei 2015 maelfu wakarundikana Kagunga, mahali pasipo na barabara, mpaka meli ya Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani kabla ya vita vya kwanza, ikawachukua kuwapeleka Kigoma. Kila mara kati yao walikuwemo waimbaji na waombaji wetu, na kila mara makanisa yaliota kule walikofikia. Haya mengine wataandika walioyapitia. Mimi nina jambo langu.

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa wakala mmoja wa mizigo. Simtaji, na alishaacha biashara hiyo. Tishali likaingia na sukari. Mkuu wangu akaniambia kwenye hati niandike mifuko 1,800. Nikajua ni zaidi, sikuuliza. Nikatia sahihi. Jioni ile ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi, na niliongoza, wapendwa, nikanena kwa lugha na watu wakasema amina.

Tulipomaliza, kuli mmoja akabaki nyuma akijifunga kamba za viatu polepole. Alikuwa mtu wa Fizi, hajui kusoma vizuri, anakaa nyuma siku zote. Akaniambia, "Karani, leo kapita ametulipa mifuko 2,300. Wewe umeandika ngapi?"

Unajua makuli wanalipwa kwa mfuko. Karatasi inaweza kudanganya, bega halidanganyi. Hakusema mbele za watu. Hakunitishia kwenda kokote. Aliuliza tu, akasubiri, na mimi sikuwa na jibu, nikamwambia usiku mwema.

Sikulala. Nilimfikiria yule binti mdogo aliyetekwa Israeli akawa mjakazi kwa mke wa Naamani. Ugenini, mtumwa, wala jina lake hatulijui, lakini neno lake moja ndilo lililompeleka yule jemadari mkubwa mtoni. Na yule mtu wa Fizi alikuwa ameniambia neno moja. Asubuhi nilienda kwa mkuu wangu nikamwambia hati nyingine ya namna ile sitaiandika. Akacheka, akanipa chai. Wiki mbili baadaye sikuwa na kazi.

Nilikaa miezi mitano bila mshahara, na kibali changu cha kukaa kilikuwa kinakaribia kuisha. Aliyetulisha ni yuleyule kuli. Mke wake alikuwa anakausha ndagala, na kila Ijumaa kikapu kilifika mlangoni kwetu. Wala hakuniuliza tena kuhusu mifuko. Nikija kupata kazi nyingine, nikamletea pesa, akachukua nusu akarudisha nusu.

Msiniandikie kuwa nilishinda. Ile hati ya kwanza haikurekebishwa. Mifuko 500 ilipita bila ushuru na sahihi ni yangu, na iko mahali fulani kwenye faili, ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea. Hii ni mara ya kwanza ninasema mbele ya ushirika wote. Mchungaji alisoma aya hizi kabla hazijaenda kuchapwa. Nilitegemea azikate. Akasema, "Ziache, ila weka na jina la kuli." Nikaenda kumwomba ruhusa, akakataa. Alisema jina lake Mungu analijua na kapita analijua, inatosha.

Mimi naona haitoshi, ila siwezi kumlazimisha. Nilichofanya ni kununua daftari jipya. Nimeandika humo waliosali chini ya ule mti tangu nilipofika, na waliokuwepo kabla yangu kadiri wazee walivyowakumbuka: jina, ametoka wapi, alikuwa anafanya kazi gani. Mpaka leo nina majina 31. Mistari mingine ina kazi tu, jina halipo: "mpiga kasia", "mpika uji wa gati", "aliyekuwa anashona magunia".

Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi kwa ajili ya yule baharia wa taa. Nimeambiwa ana binti Kalemie, anauza vitenge sokoni, na ana pengo la jino mbele kama baba yake. Ndugu wa Kalemie, ukipita pale muulize baba yake aliitwa nani, kisha uniletee jina hilo na boti ya kwanza inayokuja huku.