Uzee wa kinga

Imunosenesensi ni jumla ya mabadiliko yanayoupata mfumo wa kinga ya mwili kadiri umri wa mtu unavyosogea. Mzizi wake wa Kilatini, senescere, maana yake ni kuzeeka. Kwa Kiswahili tuseme uzee wa kinga. "Upungufu wa kinga" haufai, maana huo huwapata hata vijana, kwa utapiamlo au Ukimwi. Tena kinga ya mzee haipungui kila upande.

Kwa mfano, Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, wazee wengi wana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Ndui ilikomeshwa Zaire, ndiyo Kongo ya leo, mwaka 1971. Mwaka 1980 dunia nzima ikatangazwa kuwa salama, na chanjo ikaachwa. Chanjo hiyo hukinga pia dhidi ya mpox, ambayo virusi vyake ni vya ukoo mmoja na vya ndui. Utafiti wa 2005 hadi 2007 katika Sankuru, jirani wa Maniema, ulionyesha kwamba hatari ya mpox kwa waliochanjwa zamani ilikuwa takriban moja ya tano ya ile ya wasiochanjwa. Baada ya robo karne, seli kumbukizi, zile zinazokumbuka ugonjwa au chanjo ya zamani, zilikuwa bado zinamtambua adui.

Kinachopungua ni seli changa, zile ambazo bado hazijakutana na ugonjwa wowote. Miongoni mwa seli za kinga, seli T hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hiyo husinyaa miaka nenda miaka rudi, nafasi yake ikajaa mafuta. Ndiyo maana mzee akipatwa na maradhi mageni, au akipewa chanjo mpya, mwili wake hujibu polepole. Hata ulinzi wa zamani hulegea: virusi vya tetekuwanga vilivyojificha kwenye neva huamka na kuleta mkanda wa jeshi, na kifua kikuu kilicholala huweza kuzuka.

Walezi wazingatie jambo moja hasa. Mzee mwenye nimonia huenda asichemke mwili. Dalili ya kwanza yaweza kuwa kukataa bugali, kuanguka, au kuchanganyikiwa ghafla. Tusiseme "ni uzee tu" tukamwacha kitandani. Kinga iliyozeeka haipigi kelele, basi mzee afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.