Milimita 67: Shehena Inapobadilisha Reli

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067. Tofauti hiyo haizidi urefu wa kidole, lakini inatosha kulizuia behewa lililotoka Tabora lisifike Zambia. Ndiyo maana Kidatu, mji unaojulikana zaidi kwa sukari na umeme, ulipata mwaka 1998 kituo cha kuhamishia shehena baina ya njia hizo mbili.

Mazoea ni kuiita hali hii kasoro ya kiufundi. Makala haya yanadai kwamba ni suala la uamuzi. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilifuata upana wa reli za kusini kwa kuwa Zambia ilitaka njia ya kwenda baharini isiyopita Rhodesia, na reli za Zambia zenyewe zilikuwa za milimita 1,067. Lau ingejengwa kwa upana wa mita, mizigo ingepakuliwa Kapiri Mposhi badala ya Kidatu. Kupakua kusingeepukika. Kilichoamuliwa ni mahali pa kupakulia. Kwa hiyo mjadala wa maana si namna ya kufuta vituo vya kuhamishia, bali viwekwe wapi, viwe na vifaa gani, na nani awajibike mzigo ukipotea.

Gharama yenyewe hutegemea aina ya mzigo. Magunia ya saruji yanayobebwa na makuli kutoka behewa hadi behewa hupasuka, mbolea hunyeshewa. Kontena hunyanyuliwa na kreni likiwa na lakiri yake, likatua upande wa pili bila kufunguliwa. Lakini kreni ni nusu tu ya kazi: behewa tupu la kulipokea lisipokuwepo, kontena hulala uwanjani na tozo ya hifadhi huanza kuhesabiwa. Hapo ndipo mivutano huzaliwa. Shirika la kwanza hudai lilikabidhi mzigo kamili, la pili hudai liliupokea pungufu, na mwenye mali hubaki na hati ya shehena isiyoonyesha nani alikagua nini. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, imepunguza vikwazo vya ushuru njiani. Haijibu swali la nani alipe.

Kenya imeshaonja adha hii ya kuhamisha shehena. Reli yake ya kiwango cha kimataifa (SGR) ilianza safari zake Mombasa–Nairobi mwaka 2017, ikasogezwa hadi bonde la Naivasha mwaka 2019, ikaishia hapo. Kontena la Uganda linalofika Naivasha kwa treni hulazimika kuhamia reli ya mita ili liendelee hadi Malaba.

Kwa Tanzania, mfano unaostahili kutazamwa kwa makini ni Mwanza. Meli ya MV Umoja ina reli juu ya sitaha yake. Mabehewa husukumwa ndani kwenye bandari ya Mwanza Kusini, huvushwa Ziwa Victoria, na kutolewa Port Bell, Uganda, yakiwa na mzigo uleule, bila gunia kuguswa. Hilo linawezekana kwa sababu moja tu: reli za pande zote mbili, na za melini, ni za mita. Sasa SGR ya milimita 1,435 inajengwa kutoka Isaka hadi Mwanza, kilomita 341. Behewa lake halitaingia kwenye Umoja, wala halitatembea kwenye reli ya Port Bell. Tunajenga reli bora, jambo jema, na papo hapo tunaanzisha upakuaji mahali ambapo haukuwepo.

Hiyo si hoja ya kuipinga SGR. Ni hoja ya kudai kwamba uwanja wa kuhamishia shehena Mwanza, pamoja na kreni zake, maghala yake na hati moja ya mzigo inayotambuliwa Tanzania na Uganda, uingizwe katika mradi kabla ya treni ya kwanza ya mizigo kufika ziwani. Wizara zinazohusika katika nchi hizi mbili ziliweke suala hili mezani sasa.