Neno "Pastor": Asili Yake na Mzigo Wake

Katika mitaa ya Bariadi mtumishi wa Mungu husalimiwa siku hizi kwa neno "Pasta". Vijana hulitamka kwa heshima, na baadhi yetu hulipendelea kuliko "Mchungaji", kana kwamba la kigeni lina ukubwa zaidi. Makala hii inakusudia kuchunguza neno hilo limetoka wapi, na limepoteza nini njiani.

Waingereza hawakulibuni. Walilipokea kupitia Kifaransa cha Wanormani, likaanza kuonekana katika maandishi yao karne ya 14. Shina lake ni la Kilatini: "pastor" ni mchunga mifugo, kutokana na kitenzi "pascere", yaani kulisha. Neno "pasture", malisho, ni ndugu yake wa tumbo moja. Basi yule ambaye Warumi walimwita "pastor" hakuwa na mimbari wala joho. Alikuwa na fimbo, na sifa yake ilikuwa kushiba kwa mifugo yake.

Historia ya tafsiri za Biblia yaonyesha jinsi maana hiyo ilivyofifia. Katika Waefeso 4:11 neno la Kiyunani ni lile lile la mchunga kondoo. Martin Luther, mwaka 1522, aliandika "Hirten", neno ambalo mkulima yeyote wa Kijerumani alilijua. William Tyndale, mwaka 1526, naye alitumia neno la kawaida la wachunga kondoo wa Kiingereza. Lakini Biblia ya Geneva ya 1560, na ile ya Mfalme James ya 1611, ziliweka "pastor" mahali hapo, huku katika Yohana 10 zikibakiza "shepherd". Hivyo Bwana akawa na jina moja na mtumishi wake jina jingine, ingawa kazi ni moja.

Kiswahili kilihifadhi kile ambacho Kiingereza kilikitenganisha. Katika Biblia ya Union ya 1952, neno "mchungaji" limo katika Yohana 10:11 na pia katika Waefeso 4:11. Hatuwezi kulisoma la pili bila kupimwa na la kwanza. Tunayo majina mengine pia: "Padre" ni neno la Kireno lenye maana ya baba, na "Kasisi" limetufikia kwa Kiarabu kutoka Kisiriaki, ambako maana yake ni mzee. Baba na mzee huheshimiwa hata wakiketi. Mchungaji akiketi, mifugo hupotea.

Watu wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, hawahitaji kamusi kwa jambo hili. Wanajua kwamba anayechunga mara nyingi ni kijana asiye na kiti katika baraza la wazee, kama Daudi aliyekuwa malishoni ndugu zake walipokuwa wakipitishwa mbele ya Samweli. Wanajua pia ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na kuwafaa ng'ombe kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo ya Wasukuma, kwa kuwa wenyeji walikwisha kutambua kwamba malisho ya kiangazi huandaliwa masika.

Ndugu zangu wachungaji, na ninyi mnaojiandaa kwa huduma, hapa ndipo neno linapotuhukumu. Ukame unapokuja na zizi linapopungua, Mkristo huja kanisani na njaa ya namna mbili. Je, tunalo neno tulilolitunza kwa kusoma na kuomba wakati wa utulivu, au tunalo tangazo la michango tu? Ezekieli 34 haiwashtaki wachungaji kwa kukosa cheo. Inawashtaki kwa kujilisha wenyewe.

Sisemi tukatae kuitwa "Pasta". Anayetuita hivyo hakosei, kwa kuwa ametuita walishaji pasipo kujua. Sisi tunaojua ndio tunaodaiwa. Petro alipoulizwa mara tatu kando ya bahari kama anampenda Bwana, hakupewa cheo kipya, aliagizwa kondoo. Kila tunapoitikia jina hilo barabarani, na tujiulize: leo nimemlisha nani?