Maneno Yaliyotengwa na Picha

Msomaji, utazamapo filamu yenye maneno yaliyoandikwa chini ya picha, huenda ukadhani kwamba maneno na picha hizo ni kitu kimoja, kama kanga na jina lililochapwa juu yake. Mara nyingi sivyo. Picha huhifadhiwa mahali pake na maneno mahali pake, navyo hukutana mbele ya macho yako tu. Historia ya kutengana huko ina umri mkubwa kuliko mashine tuzitumiazo leo, na sehemu yake moja ilitendeka hapa petu, Afrika ya Mashariki.

Zamani za sinema bubu, maneno yalipigwa picha juu ya vibao vilivyoikatiza hadithi kila baada ya kitambo. Kiziwi na mwenye masikio mazima walikaa ukumbi mmoja wakasoma pamoja. Mwaka 1927 ilitoka filamu ya The Jazz Singer, ambayo ndani yake watu walisikika wakisema na kuimba, na baada ya miaka michache vibao vilitupwa. Dunia ilishangilia. Viziwi hawakuwa na la kushangilia, kwa kuwa mlango walioingilia siku zote ulifungwa bila wao kuulizwa neno. Ilipofika 1947 Emerson Romero, mwigizaji kiziwi mzaliwa wa Cuba aliyeishi Marekani, alichukua filamu za sauti akazikata kwa mkono wake na kupachika vibao vya maneno katikati ya matukio. Kazi ilikuwa ya kuchosha, na filamu iliyokatwa hivyo ilipoteza mwendo wake, lakini ilisomeka.

Sasa tugeukie kwetu. Kati ya 1935 na 1937, katika milima ya Usambara mahali paitwapo Vugiri, palifanywa jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, juu ya kilimo, afya, kodi, hata akiba ya posta. Mengi katika filamu hizo yalikuwa mawazo ya watawala juu ya watawaliwa, wala sina haja ya kuyasifu. Nataka utazame hila moja tu ya kazi yao. Sauti haikutiwa katika utepe wa filamu. Ilitiwa katika santuri, kwa sababu santuri ilikuwa rahisi kwa bei. Hivyo picha ile ile iliweza kuchukuliwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kila palipobadilika lugha ikabadilishwa santuri. Picha moja, ndimi nyingi. Shida yake nayo ilikuwa wazi: sindano ikiruka mfuo mmoja wa santuri, mkulima aliyemo katika picha hupanda mbegu huku msemaji amekwisha kuvuna.

Shida hiyo ya maneno kuachana na picha haijafa hata leo, ila imebadili mavazi.

Tarehe 16 Machi 1980, televisheni za Marekani zilianza kupeleka manukuu yasiyoonekana ila kwa mwenye kuyataka. Maneno yalifichwa katika mstari wa 21 wa picha, ulio juu ya eneo ambalo mtazamaji huliona, na mwenye king'amuzi maalumu ndiye aliyeyafichua. King'amuzi kilinunuliwa kwa fedha, basi maskini kiziwi alibaki alipokuwa. Sheria ya 1990 iliamuru chombo hicho kijengwe ndani ya kila televisheni yenye kioo cha inchi 13 au zaidi, na amri hiyo ikaanza kushika 1993. Mstari wa manukuu haukuzidi herufi 32, nazo zilikuwa za Kilatini. Mwenye kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate, asingepata nafasi humo.

Kutokana na mfumo huo lilizaliwa faili liitwalo SCC, ambalo ukilifungua huoni maneno, waona tarakimu na herufi za siri tu. Ulaya walijiwekea lao, STL, mwaka 1991, nalo lilikuwa na nafasi ya Kiarabu. Karibu na mwaka 2000 programu moja ya kunakili maneno kutoka santuri za DVD ilituletea SRT, ambalo halikuamriwa na baraza lolote, likaenea kwa wepesi wake: namba, saa ya kuanza na ya kwisha, kisha maneno yenyewe. Mwaka 2010 lilianza WebVTT kwa ajili ya intaneti. Hilo hufanana na SRT kama pacha, ila SRT hutenga sekunde na vipande vyake kwa mkato, na WebVTT hutenga kwa nukta. Mkato ukikaa pasipo pake, maneno huweza kukataa kutokea.

Programu ya kuhariri video, msomaji, humpa mtu njia tatu: kuyachoma maneno ndani ya picha yasitoke tena, kuyaficha ndani ya faili la video, au kuyatoa yawe faili la pembeni. Wengi hupenda kuyachoma kwa kuwa ni rahisi. Mimi siipendi njia hiyo kwa kazi ya shule, maana maneno yaliyochomwa hayasahihishiki wala hayafasiriki. Lakini faili la pembeni nalo lahitaji mwendo wa fremu ujulikane. Video ya Kimarekani huenda fremu 29.97 kwa sekunde. Ukiihesabu kana kwamba ni 30 kamili, baada ya saa moja maneno yamepotea njia kwa sekunde 3.6. Ndiyo sindano ya Vugiri hiyo.

Nchini Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliagiza televisheni ziweke lugha ya ishara au manukuu katika habari, vipindi vya elimu na matukio ya taifa. Kwa niionavyo, mkalimani wa ishara katika pembe ya kioo alipata nafasi kuliko manukuu, na mzee aliyepungukiwa masikio ukubwani, asiyejua ishara hata moja, hakufaidika naye.

Hapa Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, walimu wanafunzi hutengeneza masomo mafupi ya video. Somo moja la kuotesha ndizi lina faili moja la picha na mafaili matatu ya SRT: Kiswahili, Kiingereza na Ekegusii. La Ekegusii ndilo lililochukua siku nyingi, kwa kuwa walibishana juu ya tahajia ya irabu. Lugha ina irabu saba na herufi tulizonazo ni tano. Mafaili yote matatu kwa pamoja hayafikii ukubwa wa picha moja ya simu.